Nondo zinaibwa saiti Ihumwa, Dodoma: anza na vipande

Pole ndugu. Umesema nondo za milimita 12 zinapungua usiku na mlinzi yupo. Nondo nzima ya mita 12 haipakiki kwenye bodaboda. Vinavyoondoka ni vipande, ndani ya kiroba, na mnunuzi wa skrepa anapima kilo tu. Kwa hiyo kila jioni vipime, andika, fungia stoo. Nondo nzima zizungushie mnyororo kwenye nguzo iliyomwagiwa zege. Paka rangi ya mafuta katikati pia, si ncha tu, maana ncha hukatwa. Picha ya nondo zilizopakwa rangi mpe mwenyekiti wa mtaa na wanunuzi wa jirani. Ukizikuta kwa mnunuzi, usigombane: chukua RB (namba ya taarifa yako polisi), nenda na askari. Uzio wa kutega umeme? Hapana kabisa, akifa mtu kesi ni yako.