Leteni ramani kwanza, mkutano baadaye

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilikuwa: "Je, maoni ya wananchi hubadilisha chochote katika mipango ya mji mnakoishi?" Najibu kutoka Langoni, kisiwani Amu, yaani Lamu, pwani ya Kenya, ambako kazi yangu ni ufundi wa nyumba za mawe na chokaa. Jibu langu ni kwamba hubadilisha, ila kwetu yamebadilisha kortini kuliko mkutanini, na korti ni njia ndefu na ya gharama ya kumsikiliza mtu.

Chukueni bandari mpya ya Lamu. Mradi ulizinduliwa Machi 2012, wakati Katiba ya 2010, ambayo kifungu chake cha 10 kinautaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa, ilikuwa tayari inafanya kazi. Watu wa hapa walikwenda kortini mwaka huohuo. Mahakama Kuu ya Malindi ikatoa hukumu Aprili 2018: wananchi hawakushirikishwa ipasavyo, hawakupewa habari walizostahili kupewa, na wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Ilichukua miaka sita. Wakati hukumu inasomwa, mashine zilikuwa zimeshachimba bahari wanakovua. Fidia yenyewe ni kisa kingine kirefu, leo sikigusi.

Kisha mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Kwasasi, megawati 1,050. NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, iliutolea leseni mwaka 2016. Juni 2019 jopo la kitaifa linalosikiliza kesi za mazingira likaifuta leseni ile, na miongoni mwa sababu zake ni hii ambayo kila afisa wa mipango angepaswa kuisoma kabla hajakodi viti na hema: mikutano ilikuwako, lakini ilikuwa ya kuutambulisha mradi. Ripoti ya athari kwa mazingira ilipokuwa tayari, watu hawakurudiwa wakaelezwa yaliyomo ndani yake, wakapata nafasi ya kuyajibu. Kwa maneno mengine, jopo halikuridhika na picha za watu waliokaa kwenye viti. Lilitaka kujua watu wale walikuwa wamesoma nini.

Hayo ni mambo makubwa, na makubwa hupata mawakili, waandishi wa habari na wageni wa kuyapigia kelele. Mimi wasiwasi wangu uko kwenye madogo: ghorofa ya nne inayopanda nyuma ya nyumba ya mtu, shimo la choo linalochimbwa hatua chache kutoka kisimani, pikipiki kwenye vichochoro vilivyopimwa kwa upana wa punda na mzigo wake. Hakuna jopo litakalosafiri kuja kusikiliza kesi ya kisima cha mtaa mmoja, na mji huharibika zaidi kwa vitu vya namna hiyo.

Katika nyumba za kale hapa kwetu huwezi kujenga wikio, yaani chumba kinachovuka juu ya kichochoro, bila kukubaliana na mwenye ukuta wa ng'ambo, maana boriti zako zinalala juu ya ukuta wake. Dirisha halifunguliwi pale litakapochungulia kiwanda cha jirani, yaani ua wa ndani ya nyumba, wanawake wakiwa kazini mwao. Mambo haya yalizungumzwa dakani, yaani kwenye baraza ya mlangoni, kwa kahawa, na mara nyingine kwa ugomvi wa miezi. Sisemi zamani kulikuwa na haki. Mwenye nguvu alijenga alivyotaka zamani kama anavyojenga leo. Lakini vifaa vyenyewe vilimzuia. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na ukuta wa matumbawe na chokaa una uzito unaoweza kuubeba. Zege na nondo zimeondoa kizuizi hicho. Sasa kinachomzuia mtu kupanda juu ni karatasi ya kibali peke yake, na karatasi hiyo jirani haioni.

Mji Mkongwe wetu wa Amu uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hiyo ndani yake kuna macho mengi. Nje yake, Wiyoni, Kashmir na Kandahari, ndiko mji unakokua, na huko nimeona nyumba ikifika lenta ndipo jirani anaambiwa kwamba njia yake ya kwenda msikitini imehamishwa. Akienda kuuliza anajibiwa kuwa tangazo lilitoka gazetini. Kwa Kiingereza, bila shaka, na kwa namba ya kiwanja badala ya jina la mtaa. Nani kati yetu anajua namba ya kiwanja cha jirani yake?

Na maji ndiyo yananitia hofu zaidi. Maji matamu ya kisiwa hiki yanatoka chini ya vilima vya mchanga vya Shela: mvua inanyesha, mchanga unayachuja, nasi tunayavuta. Ukivuta kupita kiasi bahari inaingia chini kwa chini na kisima kinakuwa cha chumvi. Kila kibali cha nyumba ya kifahari kule Shela, kila kisima kipya cha mashine, ni uamuzi unaomhusu mama anayepika chai Mkomani. Lakini katika mikutano ninayoijua, yeye hahesabiwi kuwa jirani wa mradi ule, kwa sababu jirani anapimwa kwa mita.

Niseme sasa kuhusu mikutano yenyewe. Niliitwa kwenye mmoja wa mpango wa mitaro ya maji machafu, sitaitaja afisi iliyouitisha. Ramani ilifunguliwa mezani saa ile ile ya kuomba maoni. Mzee mmoja akauliza, kwa heshima zote, "Mwanangu, mtaro huu unamwaga wapi?" Kijana wa afisi akamjibu kwamba hilo litashughulikiwa na mhandisi. Soda zikagawiwa, daftari la mahudhurio likazunguka, tukatia sahihi. Sahihi zile ndizo ushahidi kwamba tulishirikishwa. Siku hizi wapo wanaokataa kutia sahihi mpaka waone waraka. Wengine huwaita wakorofi, mimi nawaona wamesoma hukumu vizuri.

Tuna makosa yetu pia. Wamu tunajua kusema barazani baada ya isha, lakini tukiitwa asubuhi tunatuma watu wale wale wanane wa mashirika, ambao wamehudhuria kila mkutano hata afisa anawajua kwa majina. Wapangaji waliotoka bara, wanaoishi Kashmir na kupanga foleni ya maji kama sisi, tunawaona wageni wasio na neno, hata mtaro ukipita mlangoni mwao.

Lakini saa ya mkutano si kosa letu. Mkutano wa mambo ya bahari ukiitishwa asubuhi katikati ya kaskazi, bahari ikiwa shwari, mvuvi mtampata wapi? Ngojeni kusi ianze kuvuma, atakuwa nyumbani akishona nyavu. Mtu wa Faza au Kizingitini akija Amu anakuja na boti, na boti inangoja maji yajae ndipo ipite Mkanda, mlango mwembamba wa bahari. Tangazo linalosema "saa tatu kamili" bila kutazama maji limeshamwacha nje.

Wapo watakaosema kila mtu akisikilizwa hakuna kitakachojengwa. Mimi naishi kwa kujenga, kwa hiyo nalifahamu neno hilo, na nimeona kazi zikisimama. Zinazosimama kwa muda mrefu ni zile zilizoanza kwa siri. Mteja anayewaita majirani kabla ya msingi hupoteza wiki mbili za maneno, kisha tunajenga kwa raha.

Kwa hiyo ninachotaka ni mchoro na maelezo yake kwa Kiswahili, yabandikwe mahali watu wanapokaa: Mkunguni mbele ya ngome, misikitini, gatini Mokowe, kwenye ukuta wa kiwanja chenyewe. Yakae hapo mwezi mzima kabla ya mkutano. Wanawake wawe na kikao chao, nyumbani kwa mmoja wao ikibidi, maana ukumbini wakichanganywa na wazee wa kiume wengi watanyamaza. Na baada ya mkutano ibandikwe karatasi ya pili: mlisema hili, tumelikubali, mlisema lile, tumelikataa, na sababu ni hii. Karatasi ya pili sijawahi kuiona maishani mwangu. Hata kama maoni yangu yote yamekataliwa, ningesimama mbele yake na kuisoma mpaka mwisho.

Mpango wa maendeleo wa kaunti huandikwa kila miaka mitano, na huu tulio nao unaishia 2027. Rasimu ya utakaofuata ikibandikwa Mkunguni kabla ya viti kupangwa, nitaisoma kwanza, kisha nitatafuta kalamu.