Mkuu wa Tukuyu, baba asiache atenololi ghafla

Hebu simama hapo hapo. Unasema mzee wako, aliyepata shambulio la moyo mwaka jana, anaacha atenololi, ile dawa ya kutuliza mapigo ya moyo, kuanzia Jumatatu kwa sababu vidole vinamganda na mapigo yameshuka hadi 54 kwa dakika. Mimi nilifanya hivyo hivyo Juni, hapa Mwanjelwa, mapigo yangu nayo yakiwa 54, tena nikijiona mjanja.

Vidole kupoa ni kweli, dawa hiyo inaleta, na baridi yetu ya Juni unaijua. Nilikuwa nashindwa hata kuhesabu noti. Akapita jamaa wa dawa za asili na kipaza sauti chake, akanishika mkono, akatikisa kichwa: "Baba, moyo huu unazimika." Elfu thelathini yangu ikaenda, nikabaki na chupa ya maji meusi. Vidonge nikavitupa chooni. Mshenzi yule! Nikimwona leo namkimbiza, ingawa kukimbia nimekatazwa.

Siku ya nne nimeinama kufunga gunia la viazi, moyo ukaanza kupapatika kama kuku ndani ya tenga. Giza. Nikaangukia viazi. Kijana wangu akanipakia kwenye bajaji, na hospitali mapigo hayakutulia mpaka waliponipiga shoti kifuani. Nadhani ni mimi pekee mtaani niliyepata umeme bila kununua LUKU.

Daktari alinifokea kwanza, kisha akaeleza. Sehemu ya moyo isiyopata damu ya kutosha hupitisha umeme wake ovyo, na adrenalini, homoni ya mwili inayokimbiza moyo, ndiyo inayouchochea. Atenololi inaziba milango ya adrenalini. Mwili nao, ukiona imezibwa, unaongeza mingine. Sasa wewe ondoa dawa ghafla uone: milango yote wazi, mlinzi hayupo! Hata 54 yangu, alisema, haikuwa na shida kwa mtu wa dawa hiyo asiyesikia kizunguzungu.

Kama inamtesa, kuna kupunguza dozi kidogo kidogo au kubadilishiwa, ila anayepunguza ni daktari. Na kuishiwa dawa ni kuacha vilevile. Mimi vikibaki vya siku kumi natafuta vingine, na nikienda msibani Kyela natembea navyo mfukoni.

Jumatatu mpeleke mzee kliniki na pakiti yake mkononi, na asubuhi hiyo awe ameshameza.