Viungo vinauma na nina miaka 24 tu

SWALI: Shikamoo dokta. Mimi ni msusi hapa Morogoro, nina miaka 24. Tangu mwaka jana nikiamka vidole vya mikono yote miwili vimevimba vimekaza, hata kifungo cha blauzi sifungi mpaka kwenye saa tatu hivi ndo vinalegea. Bibi anasema ni maji ya baridi, wateja wanasema nimerogwa, duka la dawa wananipa diklofenaki tu. Kwani huu ugonjwa si wa wazee?

JIBU: Marahaba mwanangu. Maji ya baridi hayahusiki, na kurogwa ndo kabisa. Ile ya wazee ni kiungo kulika taratibu, ila yako inafanana na baridi yabisi ambayo kinga ya mwili inashambulia viungo vyenyewe, hiyo inampata hata binti wa umri wako, watoto nao wana aina yao. Kukaza asubuhi zaidi ya nusu saa, tena mikono yote miwili, hapo ndo nashtuka. Nenda hospitali ya mkoa ukapimwe, lakini ujue damu inaweza kutoka safi na ugonjwa upo, kwa hiyo usikubali kurudishwa kirahisi. Diklofenaki inatuliza maumivu tu, kiungo kinaendelea kuharibika na tumbo linaweza kupata vidonda. Dawa wanayoanza nayo mara nyingi ni methotreksati, ya mara moja kwa WIKI, sio kila siku jamani, pamoja na vitamini ya foliki asidi. Kama unataka mtoto karibuni mwambie daktari kabla hujaianza, haiendani na mimba kabisa.