Wasomaji Wanauliza: Nihamie wapi penye ubaridi bila kupoteza huduma za mji?

Barua za kuhama huongezeka kila joto la Pwani linapopamba moto. Tumechagua tano zenye mambo yanayowahusu wengi.

Mimi na mke wangu ni wastaafu, tunaishi Tabata, Dar es Salaam. Wote tuna presha, mwenzangu ana na kisukari, na kila mwezi tuna kliniki. Kuanzia Januari hadi Machi usiku hatulali. Mtoto mmoja anataka twende Arusha, wa pili Mbeya, mdogo anasema Iringa. Tuanzie wapi? — Baba wa watatu, Tabata

Shikamoo mzee wetu. Anzeni na mwinuko. Kwa kila mita 1,000 mnazopanda kutoka usawa wa bahari, wastani wa joto hushuka nyuzi 5 hadi 6. Arusha mjini ni mita 1,400 hivi, Iringa inakaribia 1,600, Mbeya ni 1,700. Usiku wa Februari Dar hauteremki sana chini ya nyuzi 24, wakati Arusha na Mbeya unafika 14 hivi. Usingizi mtaupata kote kutatu.

Kinachotofautiana ni aina ya baridi. Arusha baridi ya Juni hadi Agosti ni ya mawingu: ukungu wa Meru unaweza kufunika mji siku nzima, jua msilione, nguo zikae kwenye kamba siku mbili bado mbichi. Usiku ni nyuzi 12 au 13. Mbeya miezi hiyohiyo ni kiangazi. Mchana jua linawaka, nguo zinakauka kabla ya saa nane, lakini likishazama joto linaporomoka hadi nyuzi 5 mpaka 9. Iringa iko katikati ya hao wawili, na upepo wake hauombi ruhusa. Pia msifuate kalenda ya Dar. Arusha hupata joto Januari na Februari kama huko mliko, ila kavu zaidi. Mbeya wakati huo inanyesha na kupoa. Joto lake ni Oktoba na Novemba kabla ya mvua, pamoja na vumbi lake.

Baada ya hapo, hospitali. Mbeya ina Hospitali ya Rufaa ya Kanda ndani ya mji wenyewe. Arusha ina Mount Meru, ambayo ni ya rufaa ya mkoa, pamoja na hospitali binafsi na za makanisa, lakini rufaa ya kanda ni KCMC, Moshi, kilomita 80 hivi. Iringa nayo ina hospitali ya rufaa ya mkoa. Ikizidi hapo mnaenda Benjamin Mkapa, Dodoma, kama kilomita 260, au Mbeya, ambako ni mbali zaidi. Kwa watu wa kliniki kila mwezi, sisi tungeweka Mbeya kwanza na Arusha ya pili. Arusha ingepanda juu kama watoto wako nje ya nchi na wanakuja kwa ndege, kwa sababu uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA) uko kilomita 50 hivi tu na una safari za kimataifa. Mbeya kuna uwanja wa Songwe kwa safari za ndani. Kwa basi, Dar hadi Mbeya ni kilomita zaidi ya 800, na kwa mgonjwa safari hiyo ni nzito.

Lakini baridi nayo ina gharama yake mwilini. Hubana mishipa ya damu, na presha huelekea kupanda miezi ya baridi. Nunueni kipimo cha mkononi, mpime asubuhi na jioni wiki mbili za mwanzo, muandike, na daftari hilo mumpelekee daktari mpya. Kuhusu kisukari, miguu iliyopoteza hisia isiwekwe karibu na jiko wala kwenye beseni la maji ya moto. Mtu anaungua bila kusikia, na kidonda cha namna hiyo hakiponi upesi. Avae soksi nene zisizobana.

Kabla ya kuhama, hospitali mnayoitaka ipigiwe simu na iulizwe mambo matatu: kadi yetu ya bima mnaipokea? Daktari wa kisukari na wa moyo wanakuwepo siku gani? Dawa hizi (zisomeni majina) zipo dirishani kwenu au tutanunua nje? Hospitali mnayotibiwa sasa iombeni barua ya uhamisho na nakala ya faili, na mbebe dawa za miezi miwili.

Nyumba ya Tabata msiiuze. Ipangisheni, nanyi mpange huko kwanza. Wenye nyumba wengi hutaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo na dalali huchukua ya mwezi mmoja; ombeni miezi mitatu, wapo wanaokubali wastaafu. Jaribio la Mbeya lianze Juni. Atakayeistahimili Julai ya Mbeya, miezi mingine haimsumbui. Arusha jaribuni Julai kwa baridi, halafu Aprili muone matope ya mtaa wenyewe. Na mtaa una maana. Arusha ukipanda kuelekea Ilboru unapoa zaidi; ukishuka Njiro au Usa River joto linarudi kidogo.

Kwa nini Moshi hamuitaji kwenye miji ya baridi, wakati mlima wenye theluji uko pale pale? — Mwanafunzi, Kinondoni

Kwa sababu mji uko chini ya mlima. Moshi mjini ni kati ya mita 800 na 900, na Februari mchana hupita nyuzi 32. Baridi iko juu: Kibosho, Machame, Marangu. Huko ardhi nyingi ni vihamba vya ukoo, na mgeni kupata kiwanja chenye hati safi si jambo la wiki mbili. Morogoro inadanganya vivyo hivyo. Milima ya Uluguru unaiona dirishani, ila mji uko mita 500 tu. Kwa treni ya SGR, iliyoanza safari za Dar hadi Morogoro Juni 2024, ni karibu sana, na Julai kuna ubaridi mzuri. Februari utajuta.

Nimehamishiwa Njombe kikazi. Mwanangu ana miaka 6 na ana selimundu. Ndugu wananiambia baridi itamuua, wengine wanasema kule hakuna malaria kwa hiyo ni afadhali. Nani yuko sahihi? — Mama wa Ilala

Pole na mizunguko, mama. Kila upande umeshika kipande. Njombe iko karibu mita 2,000, na usiku wa Juni na Julai nyuzi zinaweza kushuka hadi 5 au chini yake. Mwili ukipoa mishipa hubana, chembe za damu zenye umbo la mundu hukwama, na maumivu ya mifupa huanza. Baridi pia humfanya mtoto asisikie kiu. Anakunywa maji kidogo, damu inazidi kuwa nzito. Hilo la maji nalo huweza kuleta shambulio la maumivu, na wazazi hulaumu baridi peke yake.

Kama una nafasi ya kuomba kituo, omba kilicho mjini karibu na hospitali ya mkoa, si kijiji cha Makete. Kabla ya kuripoti, uliza kama wana kliniki ya selimundu, kama dawa ya selimundu iitwayo haidroksiyurea inapatikana huko, na kama kuna damu salama ya kundi lake. Ukijibiwa hapana kwa hayo ya dawa na damu, peleka barua ya daktari kwa mwajiri na uombe kituo kingine. Ni sababu nzito, usione haya.

Mkienda: nguo za tabaka mbili tatu badala ya koti moja nene, kofia na soksi hata kitandani, maji ya kuoga ya vuguvugu na mlango wa bafu umefungwa, kukaushwa hapo hapo. Chupa ya maji ya vuguvugu iende naye shule, na mwalimu aambiwe asimsimamishe paredi ya asubuhi kwenye ukungu. Homa ya nyuzi 38 na kuendelea ni hospitali siku hiyohiyo. Kuhusu malaria, ni kweli hupungua sana juu kule, lakini mkishuka Dar likizo mtoto anakutana nayo upya. Chandarua na dawa ya kinga aliyoandikiwa zisikatizwe.

Tumepata nyumba nzuri Arusha, upande wa Meru, ina kisima. Majirani watoto wao wana meno ya kahawia. Tukichemsha maji inatosha? — Wazazi wa mapacha, Tanga

Haitoshi; kuchemsha kunazidisha. Kinachotia madoa ni floraidi itokayo kwenye miamba ya volkano. Haiuawi na moto kama vijidudu: maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Chujio la kawaida la mishumaa nalo haliitoi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya pande za Meru huvuka hapo mara kadhaa.

Msilipe kodi kabla ya kipimo. Chukueni chupa safi ya plastiki ya lita 1, isuuzeni mara tatu kwa maji ya kisima hicho, jazeni, mpeleke maabara ya ubora wa maji ya serikali. Jibu likizidi 1.5, maji ya kisima yabaki ya kufulia na kuoga. Ya kunywa na kupikia yatoke kwenye mvua, au yapite kwenye chujio la mkaa wa mifupa au mashine ya osmosisi, inayosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba. Mkaa wa mifupa huchoka, kwa hiyo maji yapimwe tena na mkaa ubadilishwe. Wengi husahau, wakaendelea kunywa yaleyale kwa miaka.

Hesabu ya mvua ni hii. Watu watano wakitumia lita 5 kila mmoja kwa kunywa na kupika ni lita 25 kwa siku. Kiangazi cha Juni hadi Oktoba ni siku 150 hivi, lita 3,750. Tangi la lita 5,000 linawavusha. Bati la mita 60 za mraba hukusanya takriban lita 500 kwa mvua ya milimita 10. Maji ya mvua ya kwanza yamwagwe, yanabeba vumbi na kinyesi cha ndege. Na magadi ya kulainishia maharage muyaache, nayo hubeba floraidi. Walio hatarini zaidi ni watoto chini ya miaka 8, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi.

Tumehamia Mbeya, mtaa wa Forest. Baridi ndani ya nyumba inazidi ya nje, na fundi anataka kutuwekea shawa ya umeme kwa kuiunga kwenye soketi ya chumbani. Pia maharage hayaivi! — Familia mpya

Fundi huyo mzuieni. Soketi ya ampea 13 inabeba kilowati 3 tu, na shawa nyingi ni 3.5 hadi 5.5. Waya utapata moto ndani ya ukuta. Shawa ya kilowati 5 inataka waya wake peke yake kutoka kwenye ubao mkuu, wa milimita 6 za mraba, na breka yake ya ampea 32 na ethi iliyopimwa. Bila ethi msikubali kuoga hata mara moja. Kwa matumizi: dakika 10 ni uniti 0.8, watu wanne ni zaidi ya 3 kwa siku, karibu 100 kwa mwezi. Kama mko kwenye D1, daraja la bei nafuu la watumiaji wadogo wa umeme linalokomea uniti 75 kwa mwezi, shawa peke yake itawatoa humo. Mbeya kiangazi kina jua la kutosha, hivyo hita ya sola ya lita 150 hadi 200 hurudisha gharama yake polepole, na shawa ya umeme ikabaki ya siku za mvua.

Kuhusu baridi ya ndani: Juni na Julai jua la Mbeya linapita upande wa kaskazini. Chumba chenye dirisha la kaskazini hupata jua, cha kusini hakipati kabisa. Hamishieni vitanda vya watoto na wazee kaskazini, fungueni mapazia saa tatu asubuhi, mfunge saa kumi kabla ukuta haujapoa. Godoro lisiguse ukuta wa nje, litaota ukungu. Zibeni nafasi kati ya ukuta na siling bodi. Jiko la mkaa lisiingie chumbani hata kidogo, hata kama mkaa umeshakuwa mwekundu na hautoi moshi. Hewa yake ya sumu haina harufu, na familia nzima hulala isiamke.

Maharage: kwenye mita 1,700 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo hata yakitokota kwa fujo hayana moto wa Dar. Loweka usiku kucha, mwaga maji hayo, pika kwenye sufuria ya presha.