Re: Nyeupe inanikimbia kila nikiingiza mpira

Mkuu umesema kwenye pool unaingiza mbili tatu halafu nyeupe, ule mpira wa kugongea, inaenda kujificha nyuma ya mipira ya mwenzio, hapo shida sio shabaha, unagonga kwa nguvu mno. Punguza kwanza. Ukiwa na engo, yaani nyeupe, mpira unaoulenga na shimo haviko mstari mmoja, gonga nyeupe katikati ifike inateleza bila kuzunguka, itaachana na ule mpira uliolenga kwa nyuzi karibu 90, kwahiyo unajua kabisa inaelekea wapi. Ukigonga chini inarudi, juu inafuata mbele, ila ya chini bila kupaka choki kwenye ncha fimbo inateleza tu. Halafu usikimbilie zilizoko mdomoni mwa shimo, ziache zimzibe jamaa, anza na ile iliyobanwa kwenye ukingo wa meza. Na hizi meza za baa cheki kwanza imelalia upande gani, nyingi hazijakaa sawa aisee