Muulize Anti: Simu ya mzee iko kabatini

SWALI: Shikamoo anti. Mi ndo wa kwanza kuzaliwa kwetu, naishi Dar, baba yuko Tabora mwenyewe tangu mama afariki. Ana miaka 73, ni mstaafu wa reli. Tulichanga ndugu wote tukamnunulia simu janja nzuri tu, tukamwekea WhatsApp, tukamuunga na grupu la ukoo. Anti, ile simu kaifunga na kitambaa kaiweka kabatini pamoja na kitambulisho cha NIDA! Yeye na kiswaswadu chake. Mdogo wangu alienda kumfundisha wakaishia kununiana, mzee anasema "mnanifanya mtoto". Tufanyeje? – Kifungua Mimba, Dar

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza nimtetee mzee wangu, maana naona mnamchukulia kama mtu anayeogopa simu, na mtu aliyekula mshahara wa reli miaka yote hiyo haogopi kimashine cha kutia mfukoni. Ye anapiga hesabu tu. Kiswaswadu chake kinapiga, kinapokea, kina tochi, kina redio, akichaji Jumapili anasahau mpaka wiki ijayo, kikianguka anakiokota anaendelea. Nyie mmempa kioo kinachotaka chaji kila jioni, halafu humo ndani mmemuwekea nini? Grupu la ukoo. Jamani! Michango ya harusi, "amina" thelathini mfululizo na picha za maua zimeandikwa asubuhi njema. Mi mwenyewe la kwetu nimelizima mlio.

Sasa baba yako ni mtu wa reli na yuko Tabora, njiapanda yenyewe, reli ya kati imefika pale 1912, 1914 ikawa Kigoma, tawi la Mwanza likamalizika 1928. Mzee wa reli wa Tabora ukimgusa hapo hamalizi leo. Na huku treni ya umeme ya SGR imeanza kubeba abiria Dar mpaka Dodoma tangu 2024, ye pengine kaisikia redioni tu, na YouTube imejaa video za watu waliobandika simu dirishani wakarekodi safari. Mwekee moja. Usiseme "baba ngoja nikufundishe", we keti naye jioni uangalie ya kwako kwa sauti, uone kama hatasogeza kiti. Ataanza kukosoa, kwamba reli yetu ya zamani upana wake mita moja na hii ni milimita 1,435, kwamba sisi enzi zetu tulikuwa tunafanya hivi na vile, na akisema "hebu rudisha pale nyuma" basi hapo ndo somo limeanza, mpe simu arudishe mwenyewe.

Na hapo ndo watoto wengi mnaharibu. Mzee akichelewa sekunde mbili mnamnyang'anya, "lete nikuonyeshe", vidole vyenu vinaruka huku na kule kama mnachambua mchele, mnamrudishia mnasema "umeona?" Kaona nini? Mdogo wako ndo alichofanya, sina hata haja ya kuuliza. Mikono yako ikae mgongoni. Akipotea, mfundishe namna ya kurudi mwanzo, akishajua kurudi mwanzo hawezi kuogopa kupotea tena, na mwambie wazi kabisa kwamba kubonyeza sehemu isiyo yake hakuui simu, maana wengi wanachohofia ni kuharibu mali mliyoitolea jasho.

Kuandika mwacheni kabisa kwa sasa. Kwenye kibodi ya Google kuna alama ya maiki, ukiigusa unaongea na simu inaandika, na tangu 2017 Kiswahili inakielewa, ila uhakikishe Kiswahili umekichagua kwenye mipangilio la sivyo itaandika maajabu. Aseme tu "treni ya Dodoma" simu imletee video. WhatsApp nayo ina voisi noti tangu 2013, unashikilia maiki unaongea ukiachia imekwenda. Grupu la ukoo mtoe, abaki na mjukuu mmoja tu, yule mdadisi wenu (kila familia anaye), amtumie voisi amuulize "babu hivi zamani treni ikikwama porini mlikuwa mnakula nini?" Asipojibu hiyo nitumie barua nyingine.

Kiswaswadu msimnyang'anye! Mi ningekuwa wewe laini yake ya M-Pesa ningeiacha humo humo, aendelee na *150*00# aliyoizoea, simu janja iwekewe laini nyingine ya bando. Kuisajili atahitaji alama za vidole na ile namba ya NIDA iliyoko kabatini, mwende wote. Akisajili apige *106# aone ni laini ngapi zimesajiliwa kwa jina lake, asiyoijua aiulizie. Bando mnunulieni nyie, mzee wa pensheni hawezi kuipenda simu inayomla hela, na kwenye WhatsApp zimeni ile ya kujipakulia picha na video zenyewe, YouTube mshushe ubora wa picha, treni inaonekana tu vizuri.

Halafu utapeli. Mwambie mambo mawili tu asije akachanganyikiwa. Namba ya siri haambiwi mtu, awe amejitambulisha ni wa kampuni ya simu, wa benki, au hata sauti ikifanana na yako. Na ule msimbo wa tarakimu sita unaokuja kwa meseji, akiombwa autaje anakata simu, maana wakiupata wanaichukua WhatsApp yake wanaanza kukopa kwa ndugu kwa jina lake. Zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii" wala asijibu, apeleke namba ya tapeli kwenda 15040, ni bure.

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 69, mkulima, nipo Lushoto. Mwanangu kanipa simu ya kupangusa nami naipenda sana, nasikiliza mahubiri na kumuona mjukuu aliyeko Oman kwa vidio. Tatizo simu haivijui vidole vyangu. Nagusa wee, kimya. Mjukuu mwingine akigusa mara moja inafunguka. Na mara nyingine vile vipicha vinahama vyenyewe. – Bibi Jembe

JIBU: Shikamoo mama, na hongera. Huna kosa na simu haina kosa. Kile kioo kinahisi umeme mdogo wa ngozi, sasa kidole kikavu chenye sugu ya jembe kinapitisha kwa shida. Paka mafuta kidogo mikononi ufute yasibaki mengi, halafu gusa kwa nyama ya kidole, ukucha haisikii. Kama juu ya kioo kimebandikwa kinga nene mwambie mwanao aitoe aweke nyembamba. Hivyo vipicha kuhama ni kwa sababu unabonyeza kwa nguvu na kushikilia kama kitufe cha redio, simu inadhani unataka kuvihamisha. Mwanao aingie kwenye mipangilio ya ufikivu, kuna mahali pa kuongeza muda wa kugusa na kushikilia, aweke mrefu. Akiwa humo humo akuze na maandishi mpaka uyasome bila miwani.

SWALI: Anti, baba mkwe kaipenda simu mpaka kero. Saa kumi alfajiri kashaforwadi video nane. Juzi katuma majani yanayotibu kisukari, na yeye ana kisukari! Nitamwambiaje? – Mke wa Mwanawe

JIBU: Wewe humwambii chochote. Mkweo huyo, hiyo kazi ni ya mumeo. Ya alfajiri ni rahisi, zima mlio wa chati yake, asubuhi ukiamka unamjibu "shikamoo baba, nimeona" inatosha. La majani ndo zito. Mumeo amwonyeshe zile alama juu ya ujumbe, mshale mmoja maana yake umeforwadiwa, mishale miwili maana yake umeshapita mikono mingi sana, na WhatsApp wenyewe tangu 2020 hawaruhusu ujumbe wa hivyo kutumwa zaidi ya chati moja kwa mara moja. Wazee wanapenda kuwa wa kwanza kujua, kwa hiyo amwambie "baba hii ishazunguka nchi nzima," itamuuma kidogo ataacha. Halafu aulize taratibu kama dawa zake za kliniki bado anameza, na azihesabu kwenye kopo.