Mapambo ya likizo kwenye meza ya mchezo

Umeuliza kama kihekalu cha rezini ulicholeta kutoka likizo kinaweza kutumika kwenye meza yako ya mchezo wa vita wa visanamu. Ndiyo ndugu, kinafaa kabisa kuwa gofu, yaani jengo la kale lililobomoka. Ila usitazame jengo zima, tazama mlango na ngazi. Simamisha kisanamu cha mchezo, mtu wa kimo cha milimita 28, mbele ya mlango. Kikionekana jitu, ziba mlango kwa kokoto au gome la mti, na tayari una kaburi la kale badala ya nyumba. Madirisha na ngazi ndivyo vinavyofichua ukubwa. Ukuta mtupu hausemi kitu.

(Mnara wa Eiffel wa sentimita 15, kando ya mtu wa milimita 28, ni sawa na mnara wa kama mita 8 tu. Ukiutaka kamili kwa kipimo hicho, uandae karibu mita 6 kwenda juu! Wangu nimeufanya mlingoti wa redio.)

Kioshe kihekalu kwa sabuni kwanza. Jina la mji lililoandikwa kwenye kitako lipige msasa, au lifunike kwa gundi na mchanga. Kisha rangi ya msingi, usiiruke, hasa kwenye chuma kinachong'aa, maana rangi ya maji itabanduka. Juu yake kijivu, halafu brashi karibu kavu yenye rangi nyepesi kwenye kingo.

Ukiongeza kilima cha ile foma nyeupe ya kufungashia, kipake gundi nyeupe kabla ya kupuliza rangi ya kopo. Bila hivyo rangi itakila.